Ibara Iliyokupa Nchi, Mjomba

Chumba cha uani,
Nyuma ya kiwanda cha uchapaji.
Jumapili, nguo zikiwa kambani.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hiyo ni haki ya umri wako, usidhani nimepoa. Goti lako vipi? Anayeuliza ni Mama, mimi naandika tu. Sisi wazima. Mwanangu Kijino ameota jino la pili, anauma kila kitu. Nimemwambia avute subira, mjomba wa mama yake atakuja.

Tulikusikia redioni. "Mtoto wa mgeni ni mgeni, hata akizaliwa na mama wa hapa." Ukasema Alhamisi wabunge mtapiga kura kuifuta ibara ile inayompa uraia mtoto wa mama wa hapa, na waliokwisha kuzaliwa nao wamo. Mume wangu, ambaye kosa lake ni kuzaliwa ng'ambo ya mpaka, aliinuka akaenda kumbadilisha mtoto nepi. Mimi nilitamani kukutafuna.

Kazi yangu unaijua. Katiba ikibadilishwa, hawachapi vitabu vipya. Vya zamani vinarudi kwetu, tunabandika kipande cha maneno mapya juu ya yale ya kale. Vingine vimevimba kama godoro lililolowa. Juzi msimamizi alinitania mbele ya wenzangu: "Mama Kijino, koroga gundi, mjomba wako katuletea kazi!" Wakacheka. Nami nikacheka, roho inaniuma.

Sikusoma sana, lakini ya kwetu nayajua. Babu alivuka mpaka na cherehani begani, akamwoa Bibi, mzaliwa wa hapa. Wewe na Mama mlizaliwa chumba hiki hiki, mkaitwa wageni mpaka ibara hiyo ilipoingia. Mama anasema siku ile uliimba barabarani hadi sauti ikakauka, Bibi akakupa maji ya chumvi usukutue. Bila ibara hiyo, hicho kiti cha bungeni ungekisikia redioni kama sisi. Shukrani ya punda kweli ni mateke.

Kataa, Mjomba. Alhamisi useme hapana, nami nitasahau hata ile redio.

Wakiifuta, nitabandika, maana mtoto lazima ale. Ila gundi nitaizimua kwa maji. Vipande vingi nimevibandua kwa kucha hizi hizi, na chini yake maneno ya kale yalikuwa yangali yanasomeka.

Msalimie mkazamjomba na mapacha. Mungu akupe goti zima na moyo laini. Kijino anakupungia mkono; kukunja ngumi bado hajui.

Wako, nikupendaye kwa shida wiki hii,
Mpwa wako, Mama Kijino