Maharage ya Jumamosi

Auburn, Sydney

Mwanangu Yohana,

Salamu zikukute ukila vizuri. Mgongo unaendeleaje? Mkeo ameacha kukohoa? Mimi mzima, ila magoti yananigombeza, na baridi ya huku haina adabu.

Kalamu siijui, unajua. Anayeandika ni Neema, binti yako, mwandiko unaufahamu. Usiitupe barua. Nimemkataza kupamba maneno yangu. Tangu tuanze ameinuka mara tano: maji, dirisha, simu, dirisha, maji tena.

Hali hiyo ya kutotulia daktari kaipa jina, ADHD. Si utundu, ndivyo kichwa chake kilivyo. Ulimchapa kwa hilo kule kambini kwa wakimbizi, nami nikakutazama tu. Kwa sehemu yangu nimemwomba msamaha.

Na hili la kupenda wasichana, lililokufanya uache kupokea simu zake, halikutoka Australia. Alikuja nalo.

Nilimpeleka kwenye maombi ya akina mama wetu. Masaa matatu ya kukaa. Akatoka katikati. Mama Chantal akasema, "Pepo hilo linakimbia." Nikamwambia, "Wewe je, uliyekuwa unakoroma?" Hatukurudi.

Akapata kikundi cha mjini, vijana wanaopenda kama yeye. Walimpokea, lakini alikuwa akichelewa, akiwakatiza wenzake, wakamwona hana heshima. Akalala siku mbili bila kula. Hapo niliogopa kumpoteza, mwanangu.

Sasa kuna kikundi Bankstown, kwenye chumba cha maktaba, cha wenye mambo yote mawili. Siku ya kwanza nilimsindikiza na maharage makavu na ungo, nikidhani kama kwetu wanawake tutachambua kwanza, tutoe mawe, ndipo tupike. Kumbe hata jiko hakuna. Neema akataka kuzama ardhini. Lakini kijana mmoja mwenye nywele za kijani akauvuta ungo: "Bibi, tunatoa yapi?" Mikono ikashika kazi, midomo ikafunguka. Anayetaka kuzunguka anazunguka, aliyechelewa anasogezewa kiti. Neema alikaa saa nzima. Yohana, saa nzima.

Sasa ungo unaenda kila Jumamosi. Ila wakianza kuulizana nani kapigiwa simu na nyumbani, Neema anachambua upya maharage yaliyokwisha kuchambuliwa. Hilo ndilo linaninyima raha. Mimi nazeeka. Nikiondoka, nani wa damu yake atamwita jina?

Piga simu. Usimuulize ataolewa lini. Muulize amekula nini, inatosha kuanza.

Msalimie mkeo Josefa, mama yako mdogo muuza dagaa, na shemeji yako fundi baiskeli. Huyo fundi mwambie deni la matusi yake ya utani nalikumbuka.

Hapo chini nimemwachia Neema nafasi, nami naenda jikoni. Sitajua kaandika nini, kusoma sijui. Wewe utajua.

Mama yako aliyekubeba mgongoni,
Agnesi

Baba, leo mawe yalikuwa mawili tu. Nimekuwekea moja.
Neema