Mkeka Juu ya Sola ya Lesieli

Pangai, Haʻapai,
Tonga.
9 Septemba 2019

Mpendwa dada Kalolaine,

Pokea salamu za nyumba nzima. Magoti yako yanaionaje baridi ya Auckland? Na shemeji Penisimani, kikohozi kimemwachia? Sisi miili ni mizima, ila roho yangu iko juujuu. Barua hii nimempa mke wa mchungaji, anaruka kesho kuja huko. Kwenye simu ningeona haya kukueleza.

Ni habari ya binti yangu Lesieli. Kwa mradi wake wa sayansi ameweka sola mbili juu ya paa la jiko: moja imetulia, nyingine ina mota, inageuka kulifuata jua toka asubuhi hadi machweo. Anapima umeme wa kila moja siku saba mfululizo. Waamuzi wanakuja Ijumaa hii, na mshindi atasomeshwa bure Nukuʻalofa. Wiki nzima hali akashiba.

Jumamosi jirani yetu Taniela akanichokoza mbele za watu: "Mzee wa kanisa, kesho hiyo mashine yenu inakuja ibadani au inabaki kazini?" Wakacheka, maana si unajua huku Jumapili ndiyo Sabato, kazi ni mwiko. Unanijua dada, maneno ya watu hunichoma. Basi Jumapili nikajifanya nimesahau kitabu cha nyimbo, nikarudi, nikaifunika ile inayogeuka kwa mkeka wa marehemu baba, ule aliokuwa akijifunga kiunoni kwenda kanisani. Nilijiambia siku moja si kitu.

Kumbe ni kitu. Kipimo kilisoma sufuri, na mtoto alipoukuta mkeka aliujua ni wa nani. Alilia hata chakula hakukigusa. Muda wa kuanza upya haupo. Nikamwambia, "We andika tu namba ya Jumamosi, kwani jua si lile lile?"

Akanikazia macho. "Baba, amri ya Sabato umeishika mpaka kwa mkeka. Ya uongo mbona unaiachia?"

Daftarini ameandika: "Jumapili: hakuna kipimo. Baba alifunika." Waamuzi watayasoma hayo nami nimekaa mbele. Aibu naiogopa, lakini zaidi naogopa nimemponza mtoto.

Wewe ndiye shangazi. Ukishasema, humu ndani hakuna wa kupinga. Mpigie Lesieli, kwangu amenuna. Nami niamulie. Ukisema nisimame kabla hajafungua daftari, niwaambie waamuzi kosa ni langu wala si la mtoto, nitasimama, hata Taniela akiwepo.

Wabusu mapacha wako, umsalimie shemeji. Mungu awafunike kwa rehema zake.

Mdogo wako akupendaye, mwenye makosa yake,
Semisi