Maji ya Kuoshea Gari la Shija

Jumapili, 2 Juni
Ndoo tatu tena leo. Masanja karudi na abiria wa Mwanhuzi, hajazima hata redio, kashaniita. "Shemeji, lete maji." Nimeleta. Gari la marehemu mume wangu Shija, mimi nateka maji, mdogo wake aliogeshe apate kung'aa nalo mjini Bariadi. Rimu zilikuwa za moto bado. Alipozimwagia zikalia kama mafuta kwenye kikaango. Shija hakuruhusu hata tone kwenye gurudumu lililotoka safari. Alisema disk, zile sahani za chuma za breki, zinajikunja. Alikuwa analiacha kivulini kwanza, anakunywa chai yake. Nimerudisha ndoo zangu. Sikuulizwa.

Jumatano, 5 Juni
Tangu tumalize msiba Masanja ana wimbo mmoja tu: gari ni la ukoo, mwanamke harithi chuma. Mwaka ukiisha nirudi kwetu Ipililo na cherehani langu. Hilo cherehani lenyewe juzi alilitazama sana. Kwenye kikao cha ukoo aliyenitetea ni mama mkwe peke yake. "Kabula ni mwanangu," alisema. Wanaume wote wakatazama chini. Kisha wakampa Masanja ufunguo.

Nalitaka gari hilo. Nikilipata nitaweka dereva, au niendeshe mwenyewe kama Shija alivyonifundisha, nitaishi. Nikilikosa nitakuwa mgeni kwa kaka zangu.

Jumanne, 11 Juni
Limeanza kutetemeka. Likikimbia halina neno. Akikanyaga breki tu, usukani unamtikisa mpaka mabegani. Amekaa mbele ya ugali bila kula. Mimi nimekula vizuri sana.

Jumamosi, 15 Juni
Fundi wa kwanza alisema ni matairi, akayafanyia balansi. Bado. Wa pili akabadilisha tairodi za usukani. Bado. Leo kafungiwa pedi mpya za breki, akaja anapiga mluzi. Ameenda Maswa na kurudi, mluzi umekwisha. Hakuna aliyezitazama disk zenyewe.

Na bado kaliosha. Maji nimeyachota kwenye mtungi wa kunywa, ule unaokaa kivulini. Ndiyo ya baridi kuliko yote.

Alhamisi, 20 Juni
Mganga. Nilijua tutafika huko.

Kaenda upande wa Meatu, karudi na habari kwamba Shija ana hasira, ndiye anayeshika magurudumu. Dawa yake: kila akitoka safari, kabla hajaingia ndani, ayamwagie magurudumu yote manne maji yenye majani. Nilikimbilia jikoni nikauma khanga. Nilicheka hadi nikalia, na kilio kilikuwa cha kweli. Shija hakuwahi kumshika mtu kwa hasira.

Wakati wa chakula Masanja akasema kuna mtu humu humu nyumbani anayemchochea marehemu. Alikuwa ananitazama mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zake nafua mimi.

Jumanne, 25 Juni
Sasa anaiogopa breki. Wanawake wa sokoni wanasimulia: anapunguza mwendo kwa gia, breki anaigusa kama anakanyaga yai. Abiria wanamkimbia. Nina furaha mbaya na sitaitubu. Akishindwa kabisa litarudi kwangu. Kazi yangu ni kuteka maji tu.

Jumamosi, 29 Juni
Asubuhi nilimkuta mayu, mama mkwe wangu, amevaa gauni la kanisani. Kuna msiba Sola, Masanja anampeleka. Nikamfunga kilemba. Neno lilikuwa mdomoni: mayu, panda basi. Lakini angeuliza kwa nini, na Masanja alikuwa amesimama pale pale na ufunguo. Nikawaambia safari njema.

Jumapili, 30 Juni
Ng'ombe walikuwa wanavuka barabara, karibu kabisa na Sola. Masanja aliogopa kukanyaga. Alipokanyaga alikuwa amechelewa, usukani ukamponyoka, wakaingia mtaroni. Yeye kachubuka kiwiko. Mayu kavunjika nyonga.

Nimeshinda hospitali. Alipofumbua macho aliniuliza kama nimekula.

Jumatano, 10 Julai
Kikao kilikuwa kifupi. Hakuna anayetaka gari lenye mkono wa marehemu. Masanja kanitupia ufunguo miguuni. Nimepiga magoti nikauokota, kama mke mwema. Nilidhani nitafurahi.

Jumamosi, 20 Julai
Bampa limefungwa kwa waya, litasubiri. Nilimwambia fundi aanze na disk. Akapiga jeki, akatoa tairi, akasogeza ncha ya bisibisi karibu na disk, akaizungusha hiyo disk kwa mkono. Inagusa, inaachia, inagusa.

"Zimejikunja, mama. Nani alikuwa anazimwagia maji?"

Nikasema shemeji yangu. Hakuuliza nani alikuwa anayateka.

Kazipeleka mashineni zikachongwa, kazirudisha. Kazi ya asubuhi moja. Nimelijaribu kwenye barabara ya Maswa, nikakanyaga kwa nguvu zote. Usukani haukutikisika.

Jumapili, 28 Julai
Nimempeleka mayu kanisani. Tulimbeba watu wawili kumweka kiti cha mbele. Daktari anasema hatatembea tena. Masanja hakuja kusaidia, yuko chumbani, analiogopa gari.

Getini nilikanyaga breki, likasimama taratibu. Mayu akanipapasa mkono. "Wabeja, asante, Kabula. Unaona? Shija ametulia. Ameuona moyo wako." Nikaitika, ndiyo, mayu.

Tuliporudi nyumbani nililiacha kivulini. Nikamlisha, nikamgeuza upande, nikamfunika. Nilipogusa rimu zilikuwa zimepoa. Ndipo nikateka maji.