Friji Bovu na Kitambaa Cheupe cha Mama

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitika, ila siwezi kuanza kuongea na wewe kabla sijakuamkia.

Nimemaliza shule. Niko nyumbani hapa Mkolani, na nimelishika lile friji bovu ulilotaka kuligeuza sanduku la kupulizia mchanga wa kuondoa kutu. Uliliacha na matundu ya mikono tu. Mama alitaka kuliuza kwa watu wa chuma chakavu, pamoja na kompresa yako ya upepo. Alisema vumbi lilishakula mapafu yako, halitakula na ya mtoto. Nilinong'ona jibu, hakulisikia. Unanijua. Lakini nilikumbuka ulivyokuwa ukipuliza kutu kwenye rimu za baiskeli pale uani, umejifunga kitambaa mdomoni, unarudi mweupe hadi kope, nami nacheka. Baba, nilikuwa nacheka.

Nikamwomba anione kwanza nikifanya. Akaleta kitambaa chake cheupe cha kwaya, akakitandika juu ya friji. "Kikichafuka, linauzwa."

Nilikuwa nimeziba kila upenyo kwa vipande vya tyubu, nimefunga glovu ndefu kwenye matundu, na kioo cha kuchungulia juu. Nikajua hakuna pa kutokea vumbi. Nilisahau upepo. Kompresa inasukuma, sanduku halina pa kupumulia, kioo kikabanduka na vumbi likamwagika kama unga. Mama alikikung'uta kitambaa akaenda kukifua. Jioni akaniambia gari la chuma chakavu linakuja Jumamosi.

Nililia kidogo. Halafu nikaenda mjini kutafuta mashine ya mtumba ya kufyonza vumbi. Niliuliza kwa sauti ndogo mpaka muuzaji akaniuliza kama nimekuja kuungama. Nikakusikia kabisa: "Sauti yako umemwachia nani, mama?" Nikauliza tena, kwa nguvu, watu wakageuka.

Sasa hewa inaingia upande mmoja kupitia sponji, inavutwa na mashine hiyo upande wa pili, inapita kwenye ndoo ya maji yenye kifuniko, na vumbi linabaki majini. Mchanga wa ziwa nimeuacha. Daktari alisema ndio uliokuumiza. Natumia chenga za chupa zilizosagwa, na barakoa sivui hata nikiwa na sanduku hili.

Jumamosi asubuhi nikaweka ndani rimu ya jirani. Mama alitandika tena kitambaa juu yake, akasimama pembeni, mikono kiunoni, muda wote. Nilipozima, alikiinua kitambaa juani, akakigeuza, akakinusa. Kisha akajifunga kichwani.

Watu wa chuma walipofika, walilikuta friji uani wakaanza kulizunguka. Mama akawaambia, "Hilo liacheni, ni la fundi." Wakauliza fundi yuko wapi. Akanionyesha kwa kidevu. Walicheka, Baba, lakini mmoja wao akarudi jana na fremu ya baiskeli ya mdogo wake wa Kisesa, imejaa kutu. Nilimpokea mwenyewe. Nilimtazama usoni, karibu muda wote.

Bado kioo kinakwaruzika haraka na taa ya ndani ni hafifu. Nitarekebisha taratibu.

Nakuahidi kwamba uani kwetu hakuna mtu atakayepuliza kutu nje ya sanduku tena, si mimi, si mtu nitakayemfundisha, hata mteja akiwa na haraka ya namna gani.

Kwaheri, Baba. Pumua vizuri huko uliko. Huku tunapumua.

Binti yako