Jani la Cheri

Charleroi, 14 Februari 1999

Mdogo wangu Olindo,

Pokea salamu za wote wa nyumba hii. Huku hatujambo, ila goti langu siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Shemeji Gina hajambo? Na mgongo wako unakuruhusu kuinama, au umemwachia yeye kufunga viatu vyako?

Nina ombi. Binti yangu Loredana amepatwa na kichaa cha ukoo wetu. Kila Jumapili yuko juu ya baiskeli, na sasa hazitaki hizi mpya, anataka za chuma, za zamani, za kwetu. Kumbe si yeye peke yake. Daktari wangu wa meno ana fremu aliyoichomelea baba, kaitundika sebuleni pale ambapo watu wengine hutundika mtakatifu. Alinionyesha viungo vya mabomba, baba alivyovipiga tupa vikawa vyembamba kama ukucha. Kisha akaigeuza juu chini, akanionyesha chapa ya jani la cheri, akashusha sauti kama yuko kanisani. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Loredana amesikia kwamba Septemba hapo Marostica kutakuwa na msafara wa baiskeli za zamani. Anataka kushuka mteremko wa Rosina akiwa juu ya ile yangu nyekundu ya mwaka sitini na sita. Bado ipo karakanani? Na lile jani lipo? Baba hakulipiga ila kwenye fremu aliyoichomelea kwa mkono wake, ndiyo maana namuuliza mtu anayejua.

Unajua kwa nini nataka ashuke Rosina. Mimi nilianguka pale kwenye mashindano, mkiwa mmesimama mnatazama. Sikumbuki kuanguka kwenyewe, lakini mikono yangu mpaka leo inakumbuka ilivyominya breki. Baba akasema mbele ya baa nzima, "Miguu anayo, moyo hana." Wakaniita Bwana Breki. Oktoba nikapanda treni kuja huku ugenini kutengeneza vioo, na nikarudi mara moja tu, kumzika. Naona aibu kukuambia haya kwa umri wangu, lakini nikimwona binti yangu anashuka pale bila kugusa breki, labda nitaweza kuja kunywa kahawa kwenye baa ile.

Kaka yako,
Ezio


Marostica, 9 Machi 1999

Kaka,

Shikamoo. Barua yako imefika, na Gina ameisoma mara mbili, ananiambia nikutumie salamu na kwamba viatu vyangu hafungi. Tuko salama. Miti ya cheri ya majirani imepigwa na baridi kidogo lakini itapona. Karakana nafungua asubuhi tu.

Baiskeli ipo. Imetundikwa nyuma ya meza ya baba, imegeukia ukutani kama alivyoiacha yeye. Jani lipo. Lakini kaka, ni chuma cha miaka thelathini na tatu, kina kutu kwa ndani, na gia zake ni za kuvunja vidole. Kwa nini binti ateseke? Mnunulie hizi za aluminiamu, nyepesi, hata mtoto anaziinua kwa kidole. Au ipo fremu ya bluu ya mwaka sabini na mbili, nzuri sana, naweza kumwandalia hiyo.

Msalimie mtaalamu wako wa meno.

Mdogo wako,
Olindo


Charleroi, 21 Machi 1999

Olindo,

Salamu. Wewe ni mzima kweli? Maana fundi wa chuma, mtoto wa fundi wa chuma, anayemshauri mtu anunue aluminiamu, huyo apimwe homa.

Umesahau baba alivyokuwa akisema? Aluminiamu inakugonga, chuma kinakusikiliza. Kwenye kokoto kinaminyika kidogo kisha kinarudi, na mwisho wa siku mgongo wako bado ni wako. Kutu ya ndani mwagia mafuta. Na rangi usiiguse! Hawa watu wa baiskeli za zamani mtu akipaka rangi upya wanamtazama kama mchawi. Wanataka mikwaruzo yake ileile, hata tope la mwaka ule likibaki ni heri.

Ya bluu mpe mwingine. Loredana anakuja Juni. Mtengee kitanda.

Kaka yako,
Ezio


Charleroi, 30 Mei 1999

Olindo,

Natumaini mko wazima, maana hii ni barua ya tatu, na ile ya pili sijapata jibu lake. Nimepiga simu, Gina anasema uko shambani. Tangu lini wewe una shamba?

Loredana ameshakata tiketi. Atashuka kituo cha Bassano Jumamosi tarehe 19 Juni, treni ya saa tano asubuhi. Anasema atakula kwanza, kisha jioni hiyohiyo anapanda Rosina kuijaribu. Nimemwambia, "Baba yako mdogo atakupaka grisi mpaka puani." Jaza pumzi matairi.

Kaka yako,
Ezio


Marostica, 6 Juni 1999

Kaka Ezio,

Shikamoo. Sina uso wa kukuuliza hali, lakini nauliza. Usimruhusu Loredana aipande baiskeli ile. Nimeifunga kwa mnyororo ukutani, na ufunguo nimempa Gina. Sasa nakuambia sababu, na ukiona mwandiko umepinda jua hii ni karatasi ya nne.

Mei ile ya sitini na sita, baba alipolazwa kwa mapafu, fremu yako alikuwa ameimaliza nyuma tu. Mbele alikuwa hajagusa. Mashindano ya sikukuu ya cheri yalibaki siku sita. Nilikuambia kwamba aliimaliza kabla ya kulazwa. Si kweli. Niliichomelea mimi.

Unakumbuka baba alivyokuwa akifunga madirisha yote ya mbao kabla ya kuwasha moto. Tulimcheka, tukasema anaficha siri za ufundi. Siri ilikuwa rangi. Chuma kikiwa chekundu kama cheri iliyoiva, unatia shaba na kuondoa moto papo hapo. Kikizidi hapo kimeungua, na kilichoungua hakirudi. Lakini rangi ile huioni ila gizani. Kwenye jua chuma kinachoungua unakiona bado kibichi.

Nilijua hayo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilijua. Lakini Gina alikuwa akipita na wenzake kila asubuhi kwenda kuchuma cheri, na nilitaka anione na miwani ya baba usoni na moto mkononi. Nikafungua madirisha yote. Jua likaingia mpaka kwenye meza. Alisimama, akatazama, akacheka vizuri, nami nikaendelea kutia moto kwenye bomba la chini, pale linaposhikana na kichwa cha fremu, na kila nikitazama naona bado. Nilipofunga madirisha bomba lilikuwa jeupe.

Nikapiga tupa, nikapaka rangi. Kisha nikachukua chapa ya baba nikalipiga jani, ili usiwe na wasiwasi. Hilo jani unaloniuliza.

Siku ile nilikuwa kwenye kona ya chini ya Rosina. Kaka, hukushika breki. Ulikuja mkono mmoja ukiwa begani unakung'uta vumbi, ulikuwa unatabasamu. Fremu ilifunguka chini yako. Watu walikimbilia wewe, mimi nikakimbilia baiskeli. Ufa ulikuwa nyuma ya kiungo, nikauziba kwa shaba na rangi kabla baba hajatoka hospitali.

Alipotoka aliniuliza jambo moja tu. "Uliunguza?" Nikasema, "Hapana, baba. Alishika breki. Nilimwona." Ni mimi niliyesema. Wewe ulipozinduka ukaambiwa na baba, baba aliambiwa na mimi. Wengine waliokuwa pale walikuona kwa kitambo kidogo tu, wakakubali. Na walipoanza kukuita Bwana Breki, nilikuwa ninamimina divai kwenye meza hiyohiyo.

Nimechomelea fremu mia nne tangu hapo, zote madirisha yamefungwa. Hakuna hata moja iliyovunjika. Naona aibu hata kwa hilo.

Mdogo wako, kama bado ninaruhusiwa,
Olindo


Marostica, 28 Juni 1999

Kaka Ezio,

Salamu. Tarehe 19 nilikwenda Bassano. Nilisubiri treni ya saa tano, ya saa saba na ya saa tisa. Gina alikuwa amepika samaki mkavu na ugali wa polenta. Hanisemeshi tangu nilipomsomea barua niliyokuandikia. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Miaka yote hii umeniweka na mimi humo, bila kuniuliza."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, niliikata fremu kwa msumeno. Nikachukua kile kipande cha mbele nikaenda nacho baa. Wazee walikuwa wanacheza karata. Nikakiweka katikati ya karata zao.

"Ondoa uchafu wako," akasema Bepi, yule aliyekuwa mchuuzi wa maziwa.

"Huu ndio uliomwangusha Ezio," nikasema. Nikawaambia yote, tangu madirisha mpaka uongo.

Bepi alikipindua kipande, akapitisha kidole ndani ya ufa. Yeye ndiye aliyekutungia lile jina. Akauliza, "Kwa hiyo hakushika breki?"

"Hakushika."

"Na sisi tumemcheka mpaka akahama nchi."

"Ndiyo."

Akaweka karata zake chini, akavaa kofia. Mlangoni akageuka. "Wewe Olindo, nilikupa mwanangu umfunze kazi." Akatoka. Mwenye baa aliichukua glasi yangu, akaiosha, akairudisha kabatini.

Kipande nimekitundika dirishani mwa karakana, ufa ukitazama barabara. Jani nimelifuta kwa tupa. Siombi jibu.

Olindo


Charleroi, 5 Septemba 1999

Olindo,

Barua zako mbili zilifika. Loredana nilimzuia mimi, nikampa ile ya kwanza aisome.

Nitakuambia jambo linalonikera kuliko breki, kuliko goti, kuliko vumbi la vioo vya watu nililolivuta miaka thelathini. Mimi naikumbuka ile breki. Naikumbuka baridi ya chuma chake vidoleni. Nimeamka nayo, nimemlea mtoto nayo, nimemwambia asipande juu ya ukuta kwa sababu watu wa ukoo wetu wana woga. Na haikutokea. Loredana aliniuliza, "Baba, sasa unakumbuka nini?" Nikakaa jikoni nikatafuta. Mkono begani, kung'uta vumbi. Sikupata kitu. Nimebaki na maneno yako tu, na maneno yako ndiyo yaliyoniponza mara ya kwanza.

Sijakusamehe. Nilijaribu Julai, nikajaribu Agosti. Baba alikufa akinionea aibu, na wewe ulikuwa umeshika mkono wake.

Msafara wa mwaka huu umenipita. Utakuwepo mwingine mwakani. Nisikilize vizuri. Tafuta mabomba ya zamani, najua unayo darini. Mtengenezee Loredana fremu, vipimo vyake viko nyuma ya karatasi hii. Viungo vipige tupa viwe vyembamba kama vya baba. Jani usipige, piga jina lako wewe. Na ufunge madirisha, hata Gina akiimba nje.

Ikiwa tayari nitakuja kuichukua mimi. Kabla binti yangu hajaigusa nitashuka nayo Rosina mwenyewe, na goti hili hili. Wewe simama kwenye kona ile ya chini, peke yako, unione. Breki sitashika.

Ezio

Tena: Loredana amesoma anasema nimesahau kuandika "kaka yako". Nimemwambia sijasahau. Nitaandika nikifika chini.