Mlango Niliokukatia

Papa,

Treni bado haijafika. Kila asubuhi wanasema kesho, nasi tungali hapa stesheni, kwenye gare ya Likasi, chini ya turubai lilelile ulilotufungia mwenyewe siku tulipofukuzwa nyumbani. Eti sisi ni wageni hapa, turudi kwetu Kasai. Kwetu gani, Papa? Miye Kasai sijaiona hata kwa picha.

Jana nilimwona mmoja wa wanafunzi wako wa Lubumbashi, anauza chumvi kwa vikopo. Nilipomwambia umekufa alikaa chini, akasema tu, "Profesa Sanduku." Nikacheka, halafu nikalia. Ndivyo walivyokuita iniversite, maana kila aliyekuletea mchoro wa nyumba ulimuuliza kabla hujatazama paa wala dirisha: "Mulango kwanza. Sanduku itapitia wapi?" Ulitaka nyumba ambayo marehemu anatoka amenyooka, mabegani mwa watu, si kuinamishwa kama kabati. Shule ulizochora, zahanati, nyumba za wafanyakazi, zote zina mlango huo mpana. Na yetu pia. Nkambo, mama yako, alipofariki alitokea hapo moja kwa moja mpaka barabarani, nawe ukaninong'oneza kwamba kazi yako yote ni ile. Uliifundisha hata miaka ambayo mshahara haukuja.

Sasa mle ndani wamo watu wengine. Nasikia mlango wameung'oa, wameuchoma kusongea bukari.

Na weye ukafia chini ya turubai tunaloliingia kwa magoti, kamba zake zimefungana na za majirani pande zote, halifunguki. Wanaume walisema wakuvute kwa miguu. Nilikataa, Papa. Nilichukua kisu cha jikoni nikalipasua turubai toka juu mpaka chini, wakakubeba mabegani, umenyooka, ndani ya kitenge cha Mama. Sanduku halikuwepo. Mlango ulikuwepo.

Ila huu ni msimu wa mvua. Maji yanaingia palepale, na Mama analala palepale. Anakohoa mpaka majirani wanaamka. Juu ya kile kisu hajanilaumu. Afadhali angenigombeza.

Leo nimepashona, kwa waya na uzi wa gunia. Usinikasirikie.

Lala, Papa. Nyumba siwezi kukuahidi, hata treni siwezi. Nakuahidi hili tu: kisu nimekiweka karibu. Mama akishindwa na kikohozi hiki, nitapasua tena, naye atoke amenyooka.

Mutoto wako,
Ngalula