Milivolti Mia Moja Ishirini na Tano

Alhamisi, Homa Bay. Jua limewaka tangu saa tatu asubuhi na ziwa halijatoa hata pumzi ya upepo. Nimeketi kwenye kibaraza cha dada yangu Akinyi, miguu ndani ya beseni la maji, mchovu kama mtu aliyelima ekari nzima, ilhali tangu kuche sijainua kitu kizito kuliko kipakatalishi.

Ni habari za kipakatalishi hicho ninazotaka kuziandika, na habari zangu mwenyewe.

Kwa miezi mingi mashine yangu imekuwa ikichemka. Nikifungua ukurasa wenye video, feni huvuma, prosesa hufika nyuzi tisini na saba, kisha kila kitu hujizima bila kuaga. Nilisafisha vumbi. Nilipaka dawa mpya ya kupitisha joto kati ya prosesa na bamba lake la shaba. Zilipungua nyuzi tatu tu. Ndipo niliposoma kuhusu kupunguza volteji. Kwa tahadhari, watengenezaji huipa kila prosesa umeme unaozidi kidogo mahitaji yake. Ukiwa na programu inayofaa, na mashine kuukuu kama yangu ambayo watengenezaji hawajaizuia kubadilishwa, waweza kuiondoa ile ziada. Kazi hubaki ileile, joto hushuka.

Haikuwa burudani. Akinyi ni muuguzi, kifungua mimba wa nyumba yetu, na ndiye aliyenisomesha mpaka nikavaa joho. Amepata nafasi ya kazi ng'ambo kwa sharti kwamba afaulu mtihani wa Kiingereza kabla ya mwezi huu kwisha. Mtihani wenyewe hufanyiwa nyumbani, kwenye kompyuta yenye kamera, msimamizi akimtazama mtahiniwa kutoka mbali. Simu hairuhusiwi, na chumba lazima kiwe kitupu, kwa hiyo saiba, ambako watu hukodi kompyuta, haifai. Nilimwahidi kwamba mashine yangu ingekuwa tayari.

Wiki iliyopita, nikiwa chumbani kwangu Suna, nilipunguza milivolti hamsini, nikaitwika mashine hesabu nzito kwa saa nzima. Ikastahimili. Themanini, ikastahimili. Mia moja, vivyo hivyo. Nilipofika mia moja ishirini na tano joto halikupita nyuzi sabini na sita, nami nikaibeba hadi kwa Marwa.

Marwa ni fundi wa simu na kompyuta hapo Suna, mwenyeji wa Ntimaru, mtu asiyetazama uso wa mteja kabla ya kumaliza alichoshika. Sikwenda kwake kutaka ushauri. Nilikwenda kusifiwa.

Aliuliza nimeshusha ngapi. Nilipomwambia, aliweka chini kifaa chake cha kulehemu.

"Msomi, rudi themanini," alisema. "Wewe umeipima ikikimbia. Hii kitu haifi ikikimbia, inakufa ikipumzika. Wacha ikae siku mzima bila kuguswa ndio ujue."

Nilimjibu kwamba hilo halina mantiki. Kama mashine inastahimili kazi nzito, itashindwaje na kazi nyepesi? Aliyebeba gunia atalemewa vipi na kikapu? Tulibishana, au tuseme nilibishana, kwa muda wa nusu saa hivi. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri simu yake alimwambia Marwa kwamba leo amepata wakili, na wateja wengine wakacheka. Nilidhani wanamcheka yeye.

"Mimi nimezika tatu hivyo," Marwa alisema, akarudi kwenye kazi yake. "Lakini yako ni yako."

Nilitoka pale nikiwa mshindi.

Leo asubuhi Akinyi alijifungia chumbani kwake saa nne. Alikuwa ameteremsha hata kalenda ukutani ili msimamizi asiwe na la kuuliza. Mimi nilikaa hapa nje kuwazuia majirani wasibishe hodi. Sehemu ya kusikiliza ikapita. Sehemu ya kuzungumza ikapita. Nilimsikia akieleza kwa sauti tulivu jinsi wodi inavyopangwa. Kisha ikaja sehemu ya kusoma, ambapo mtahiniwa hutazama tu maandishi na kufikiri, na mashine haina kubwa la kufanya.

Feni ilinyamaza. Baada ya muda mlango ukafunguliwa.

"Imeganda," alisema.

Iliganda kweli, mstari wa saba wa kifungu kuhusu nyuki, saa ya mtihani imesimama. Tulipoiwasha upya, chumba cha mtihani kilikuwa kimefungwa. Akinyi aliketi kitandani, akavua saa yake, akaivaa tena.

"Labda ni mtandao," alisema.

"Labda," nilijibu.

Neno moja tu. Mimi ninayeweza kubishana nusu saa juu ya kikapu.

Kwa maana nilikwisha kuelewa. Prosesa ikipumzika hujipunguzia volteji yenyewe. Mimi nilikuwa nimeondoa kiasi kilekile kila wakati, hata pale ambapo palikuwa pamebaki kidogo. Hoja yangu ya gunia ilikuwa nzuri. Ilikuwa ya uongo.

Saa nane waandaaji walileta barua pepe: aeleze sababu kabla ya jioni, na ikiwa tatizo lilikuwa nje ya uwezo wake, huenda akapewa siku nyingine. Akinyi aliniomba niandike mimi, eti Kiingereza changu ni cha vitabu. Nikaandika kwamba mtandao ulikatika. Ilikuwa barua safi kupita zote nilizowahi kuandika. Niliisoma mara mbili, nikaona aibu, nikaifuta.

Nilimkuta nyuma ya nyumba akichambua omena, dagaa wa ziwani, kwenye ungo. Nikamweleza yote kwa Dholuo, lugha yetu ya nyumbani, kwa maana Kiswahili changu kina mahali pengi mno pa kujificha. Hakuinua macho. Aliuliza swali moja tu: je, kuna mtu aliyenionya? Nikasema yupo. Vidole vyake viliendelea kutoa mawe na vichwa vilivyovunjika.

"Basi andika hivyo," alisema. "Jina lililo chini ya barua ni langu."

Niliandika upya: kwamba kaka wa mtahiniwa alibadilisha mipangilio ya umeme wa mashine bila yeye kujua, na kwamba hakuna udanganyifu wowote uliofanyika. Kisha nikaongeza aya ya kufafanua kwamba, kinadharia, uamuzi wangu ulikuwa na msingi. Nikamsomea yote akiwa amesimama mlangoni, mikono ikinuka samaki.

Nilipofika kwenye aya ile aliinua kidole.

"Hiyo toa."

Nikaitoa. Barua imeondoka saa kumi na moja kasorobo, na volteji nimeirudisha ilivyokuwa.

Sasa tunangoja, yeye jikoni na mimi hapa. Sijui kama wanaosoma barua za aina hii huwahurumia watu waliojitakia.

Yeye hakujitakia.